Hitima ya Baba Mdogo

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuficha aibu za waja wake na kuzifichua apendapo, aliyenipa umri na macho ya kusomea hadi leo. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe. Nikikosea, Yeye ndiye mwenye kusamehe.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, Nyakato ikiwa bado mashamba ya pamba. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimepigwa marufuku kwetu huku ziwani, ingawa majimbo mengine kiliruhusiwa. Mkutano ulitaka kibali, na kibali hakikutolewa. Watu wakikusanyika zaidi ya wachache, askari alifika kuuliza. Kitu kimoja tu hakikuhitaji kibali, nacho ni msiba.

Baba yangu alipofariki aliniachia sanduku la mninga lenye juzuu thelathini, yaani Kurani nzima iliyogawanywa vitabu vidogo thelathini, kila kimoja kikiwa na jalada la kitambaa alilolishona mama. Kwenye hitima kila mtu hupewa juzuu lake, wote husoma kwa pamoja, na kwa muda mfupi msahafu mzima unakuwa umesomwa kwa ajili ya marehemu. Mtaani kwetu, kazi ya kuyagawa na kuyakusanya ilikuwa yangu.

Baba mdogo, aliyetutunza mimi na mama baada ya baba, alikuwa tarishi bomani. Alibeba barua za bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mchana kutwa, na moyoni alikuwa mwanachama. Kadi mpya zilipoletwa kwa mashua kutoka ng'ambo, zimefunikwa dagaa, yeye ndiye aliyepata wazo. Tufanye hitima. Kila mtu apewe juzuu, na ndani yake akute kadi yenye jina lake.

"Hitima ya nani?" nilimuuliza.

"Ya babu yako. Amekufa zamani, hatakasirika."

Sikupenda. Kitabu cha Mungu kubeba siri za watu kulinitia baridi. Lakini yeye alikuwa mzazi wangu, na uhuru niliutaka pia. Nikaziweka kadi, moja moja. Yake niliiweka katika juzuu la kumi na tisa.

Siku hiyo baada ya swala ya alasiri watu walikaa mikekani, nikawagawia juzuu kutoka kwenye sinia. Baba mdogo alikuwa uani anapulizia makaa ya ubani. Juzuu lake tu ndilo lililobaki. Ndipo mlango ukazibwa na kivuli.

Alikuwa askari mmoja wa hapa mjini, mtu mrefu, mtulivu, tuliyezoea kumwona msikitini safu ya nyuma. Hakutazama watu kwanza. Alitazama viatu vilivyopangwa mlangoni, kidole chake kikienda kimoja kimoja.

"Viatu vingi," alisema. "Hitima ya nani?"

Nilikuwa nimefundishwa jibu. Lakini fikra zangu zote zilikuwa uani, kwa aliyekuwa anapuliza makaa na kwa kadi yake pale kwenye sinia. Mdomo ukasema kilichokuwa moyoni.

"Ya baba mdogo, afande."

Vichwa vikainuka mikekani. Mzee mmoja alikohoa.

"Inna lillahi," alisema askari. Akavua kofia, akavua viatu, akaingia, akakaa, akanyoosha mkono.

Ningefanya nini? Muislamu amekaa kwenye hitima, ameomba juzuu. Kumnyima ni dhambi, tena ni kujifunga mwenyewe pingu. Nikampa la kumi na tisa.

Akasoma. Tulisoma sote, na sijawahi kusikia Kurani ikisomwa kwa hofu kiasi kile. Sikuona akisita mahali. Wakati wa dua shehe alinitazama kwa jicho la kunilaani, kisha hakuwa na njia ila kumtaja marehemu. Akamtaja baba mdogo kwa jina lake na jina la baba yake, akaomba kaburi lake lipanuliwe. Nyuma ya pazia la uani, harufu ya ubani ilizidi kuja. Mwenye jina alikuwa amesimama pale pale, akiitikia amina.

Askari alipoondoka, alitia juzuu mfukoni mwa koti. Hakuna aliyethubutu kumdai.

Baba mdogo akatoka uani, uso una majivu. "Mwanangu," alisema, "umeniua hata chai sijanywa." Watu wakacheka. Kicheko kikakatika nilipomweleza kadi yake iko wapi.

Kadi ile ilitosha kumpeleka jela na kutunyima chakula sote nyumbani. Tukangoja. Wiki ya kwanza mama alimfungia nguo katika kitambaa, akaziweka karibu na mlango. Kila asubuhi baba mdogo alipanda bomani, akampita askari yule getini, akamsalimia, akajibiwa. Hakuna zaidi. Alikonda. Mvua zikaja, zikaisha. Mimi nilikutana na askari sokoni, kwenye meza za samaki wa sato, naye aliinama kunisogelea.

"Marehemu hajambo?"

"Hajambo," nilisema. Hakucheka, akaenda zake. Aliniuliza vile mara nyingi, kwa miaka, na kila mara nilirudi nyumbani nikazihesabu siku zetu.

Marufuku ikaondolewa. Uhuru ukaja. Tulikesha tukiimba juu ya miamba, nami nilisujudu kwa furaha ambayo mpaka leo sijutii. Baba mdogo, kwa kuwa aliijua kila karatasi ya bomani, alipewa meza katika ofisi ambamo zamani aliingia kwa kubisha hodi, na vibali vya mikutano vikapita mikononi mwake. Nguo zile mama akazifungua, akazifua.

Kisha mama akafariki. Siku ya arobaini yake nilitandika mikeka, nikagawa juzuu ishirini na tisa, nikaacha nafasi tupu kwenye sinia kama nilivyozoea. Baba mdogo alituma salamu kwamba kazi zimemzidi. Mlango ukazibwa. Kofia ilikuwa na nembo mpya, nywele zilikuwa nyeupe, ila kidole ni kile kile, kinahesabu viatu.

"Shikamoo, afande," nilisema.

"Marahaba." Akatoa mfukoni juzuu la kumi na tisa na kunikabidhi. Kadi ilikuwa ndani. "Niliiona siku ile ile, nikiwa nasoma. Ningeipeleka, ningepanda cheo."

"Mbona hukuipeleka?"

"Nilikuwa nimeshamsomea. Nimemwombea mtu kaburi lake lipanuliwe, kisha nikamtie katika chumba chembamba? Sikuweza."

Machozi yalinijia. Nikamshika mkono, nikamwombea. Naye hakuingia. Alitoa daftari na penseli.

"Sasa niambie. Hitima ya nani, na waliokuja ni kina nani?"

"Afande, leo hakuna siri. Ni mama yangu. Nani amekutuma?"

Alinitazama kwa huruma, akashusha sauti.

"Marehemu wako wa siku ile."

Nyuma yangu watu walikuwa wamekwisha anza kusoma. Nikamwambia ni hitima ya mama, nikamtajia majina, moja moja, ya watu waliokuja kumwombea. Akayaandika. Alipomaliza akavua viatu vyake, akaviweka mwisho wa safu, nami nikampa tena la kumi na tisa.

Baba mdogo nilimwombea akiwa hai, namwombea hata sasa alipokufa kweli. Wewe unayesoma, Mungu akujaalie wa kukusomea siku yako ikifika, waje wengi, na asiwepo wa kuvihesabu viatu vyao mlangoni. Amina.