Aliyeingia Majini

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo ingawa mengi yamenitoka. Ilikuwa Idi pili. Nilikuwa msichana, naishi nyumbani Mchukwi na dada yangu Mwajuma, ambaye alikuwa ameposwa na kijana mmoja mpole, Selemani. Dada alisikia habari za ziwa lililo porini, mbele ya Ikwiriri, lenye magofu ya nyumba za mawe za Wajerumani, akatamani kuyaona. Selemani akakubali. Mama akaniambia nifuatane nao, maana wachumba hawaachwi peke yao.

Alitupokea Mzee Mbonde, mlinzi wa msitu, akatutangulia kwenye kijia huku akifyeka matawi kwa panga. Pale ni pazuri, sitakuficha. Mizizi ilikuwa imeshika kuta, na kwenye dirisha lililobaki tundu tupu uliliona ziwa lote limetulia.

"Tazameni mpaka mchoke," Mzee akatuambia, "ila majini msishuke. Mamba wa hapa humwoni mpaka amekwisha kukushika."

Tulikula pilau tuliyobeba. Maji ya kwenye dumu yalikuwa yamebaki kidogo, Selemani akasema tubaki nayo sisi ya kunywa, yeye atanawa ukingoni mara moja tu. Mzee alikuwa nyuma ya ukuta. Tukasikia maji yakipasuka.

Nilichokiona sikisimulii chote, mwanangu. Dada alikimbia, akaingia maji mpaka kifuani, akamkamata Selemani mkono, akavuta. Mzee Mbonde alifika na panga lake, akasimama kwenye matope akipiga kelele. Dada hakuachia. Mwisho mkono wa Selemani ulimponyoka.

Kesho yake tulizika kile kilichopatikana.

Msibani ndipo maneno yalipoanza. Wanawake walisemezana bila hata kushusha sauti, "Ana mkosi huyu. Si yeye aliyetaka kwenda huko?" Mama yake Selemani naye hakumtazama dada. Dada alikaa ameegemea ukuta, kucha zimevunjika, chakula hakipiti.

Siku ya kuondoa tanga, Mzee Mbonde akaja kwa miguu. Aliomba ruhusa, akasimama kwenye mlango wa upande wa wanawake, macho chini.

"Nimesikia yanayosemwa," akasema. "Mimi nimezaliwa kando ya lile ziwa. Nilikuwa na panga mkononi, na sikuingia. Niliogopa. Huyu binti aliingia mikono mitupu. Anayetaka mtu wa kulaumu, anilaumu mimi."

Mama yake Selemani akanyanyuka polepole, akaenda kukaa kando ya dada, akamfunika kwa upande wa kanga yake.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo. Hayakuisha. Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka nje ya nyumba ile, yakafika kila mahali ambako angeweza kutoka mtu wa kumposa. Dada alihamia Ikwiriri, akauza ufuta, akazeeka peke yake. Mwaka jana nimemzika.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu. Ukienda kutembea mahali pageni, msikilize anayeishi pale, hata kama unachotaka ni kunawa mikono tu. Na ukiingia nyumba ya msiba, usitafute mtu wa kumbebesha kifo. Kama hukuwepo, nyamaza, kaa na wafiwa. Kama ulikuwepo, sema ulichokiona ingawa kinakuaibisha, tena sema mapema. Mzee Mbonde alikuwa mtu mwema, alichelewa siku chache tu, na siku hizo chache zilimmaliza dada yangu.

Mungu akulinde kila njia utakayopita, akurudishe mzima kwa wanaokungoja, na siku ikikufika ya kulia, akupe watu watakaokaa kando yako.