Firigisi Aliyoila Walubengo

Walubengo alikula firigisi ya jogoo wa Levi Mukhisa, akapangusa midomo, kisha akaitumia firigisi hiyohiyo kumnyima Levi haki yake.

Ilikuwa Agosti 2003. Wiki sita kabla ya hapo, Levi, mwendesha bodaboda ya baiskeli mjini Bungoma, alikuwa akirudi nyumbani Myanga. Alikuwa ukingoni kabisa mwa barabara pikapu ya Walubengo, muuzaji wa mbolea wa Kitale, ilipomgonga kwa nyuma. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, na goti halikukunjika tena. Asiyekunja goti hawezi kukanyaga pedeli, na Levi hakuwa na kazi nyingine.

Walubengo alifika na kilo nne za sukari na pole nyingi. Levi alifanya kama alivyolelewa: mgeni huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Rispah, mkewe, aliileta katika kisahani cha peke yake. Baada ya kula, mgeni akatoa karatasi iliyopigwa taipu kwa Kiingereza.

"Ni ya kuonyesha nimekuja kukuona, ndugu yangu. Watu wa bima wanataka kujua kama ninakujali."

Levi hakukijua Kiingereza, lakini angewezaje kumshuku mtu aliyekuwa bado na mafuta ya jogoo wake vidoleni? Akatia sahihi.

Levi alipokwenda kudai fidia katika ofisi ya bima, Kitale, karani aitwaye Viola ndiye aliyemfasiria karatasi ile. "Hapa umesema umemsamehe na hudai kitu, mzee. Na mwenye gari ameandika kwamba ulimpa firigisi. Si hiyo kwenu ni kusameheana?"

"Hiyo ni adabu kwa mgeni," Levi akamjibu. "Hata mwizi wa ng'ombe wangu akija mchana nitampikia. Akishiba, nampeleka polisi."

Viola alicheka, lakini faili akalifunga.

Mgeni wa mbali angeweza kukosea. Walubengo ni Mbukusu, mzaliwa wa Tongaren. Firigisi amepewa tangu alipooa. Alijua hasa alichokuwa akikiuza: adabu ya mwenyeji kwa jina la msamaha. Tangu siku hiyo Levi hakutaka pole ya mtu. Alitaka kumwona kizimbani. Akatafuta fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha, akampata Edinah, muuza ndizi aliyeona ajali, na wakili akamwambia sheria inampa miaka mitatu tu tangu ajali kufungua kesi.

Machi mwaka huu wa 2006, Walubengo alirudi na baiskeli mpya juu ya pikapu ileile.

"Nimekurudishia kazi yako, Mukhisa. Tuyamalize."

Levi aligonga goti lake kwa fimbo, likatoa sauti kama ubao. "Panda wewe, bwana, uniendeshe. Nitakaa kiti cha nyuma mpaka kortini."

Siku hiyo Rispah hakuwasha moto. "Jogoo ulishamla," alimwambia mgeni.

Kesho yake Levi alifungua kesi Bungoma, nao upande wa bima ukaileta karatasi ile mahakamani kuwa utetezi.

Sasa Walubengo, na ninyi wa bima mnaojificha nyuma ya karatasi ile: iondoeni mahakamani. Lipeni matibabu, lipeni goti, lipeni kila siku ya kazi iliyopotea. Nawe, Walubengo, simama mbele ya waumini wa kanisa unakoitwa mzee, uwaambie kwa kinywa kilichoila firigisi ile jinsi ulivyoipata sahihi ya Levi Mukhisa.