Kisiki Aingia Kilindini

Walimwita Kisiki tangu usichana wake, kwa sababu akishasema hapa sitoki, hata umvute kwa trekta hatoki. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, wajukuu wanne, na shamba la mwani alilolilima miaka ishirini na miwili bila kulowa juu ya magoti. Maji yalipotoka, yeye na wenzake waliingia na vigingi na kamba. Yaliporudi, walirudi nyumbani wakijishika viuno. Hivyo ndivyo walivyosomesha watoto, mpaka bahari ilipoanza kupata homa.

Ukitumbukiza mguu saa saba mchana, ulikuwa unautoa mbio. Mwani ukapauka, ukalainika, ukakatika wenyewe na kusombwa. Msimu wa kwanza walisema ni mkosi. Wa pili wakalaumu mbegu. Wa tatu, mnunuzi hakushuka hata garini, Kisiki akamfuata dirishani.

"Mwani mzuri siku hizi mnautoa wapi?"

"Kilindini, mama. Huko maji bado yana ubaridi. Lakini hakuna pa kusimama. Ni kuogelea tu."

Wanawake wa mwani walikuwa kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua kuelea. Kaka zao walitupwa majini wangali wadogo wakajifunza. Wao waliitwa wakaoshe vyombo.

Chumba cha uani kwa Kisiki kilipangwa na mwalimu wa hesabu, binti aliyekulia kando ya mto. Jioni ile Kisiki alimkuta anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, nifundishe kuogelea."

"Mama, si kila siku unalalamikia magoti?"

"Ndiyo vizuri. Huko sitayasimamia."

Wifi yake, fundi cherehani, alimshonea suruali na shati refu kwa kitambaa cha miavuli, kisije kikamganda mwilini. Mumewe, ambaye mgongo ulikuwa umemtoa kwenye uvuvi, alimtazama akijaribu nguo hizo, akatikisa kichwa.

"Ukizama, nitawaambia nini watu?"

"Waambie alizama akijua anakokwenda."

Wiki ya kwanza alikunywa maji ya kutosha kupikia chumvi. Mwalimu alimshika mgongo, akamwambia, "Legeza shingo, mama."

"Shingo hii haijalegea tangu niolewe!"

Wiki ya tatu ikalegea. Masikio yakaingia majini, kelele zote za ufukweni zikakatika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hapakuwa na mtu aliyesikika akimwita. Alielea hapo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni chumvi. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa amewavuta wenzake tisa, mmoja mmoja, wengine wakipiga mayowe.

Kamati ya ufukwe ikamwita. Mwenyekiti wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, kilindini ni pa nyavu," alisema mbele ya wavuvi wote. "Wanawake mkae kwenye maji yenu."

"Maji yetu yamekufa."

"Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui mbizi zake."

"Mimi nimeyafika, na mbizi nimepiga. Wewe ulipiga mara ya mwisho lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alisema ruhusa haipo.

"Sikuja kuomba ruhusa," Kisiki akajibu, akiwa ameshasimama. "Nimekuja kuwaambia kamba zetu zitakuwa wapi, msije mkazikwaa."

Wakazitandaza wiki hiyohiyo, mistari sita inayoelea kwa madumu ya njano, ikishikiliwa chini na magunia ya mawe. Siku ya tano walikuta mistari minne imekatwa. Haikuwa kazi ya mawimbi, kwani ncha za kamba zilikuwa safi, kisu kitupu. Wawili walilia palepale na kusema basi. Kisiki hakuwalaumu. Alikaa mchangani akaunga kamba mpaka vidole vikatoka damu, na wifi yake akaacha cherehani akaja kuunga naye, ingawa aliyeshukiwa, mwenyekiti, alikuwa kaka yake wa damu.

Siku iliyofuata wakazirudisha. Safari hii hawakutoka. Saa ya boti kurudi ilipofika, wanawake wanane walikuwa majini, kila mmoja ameshika dumu lake. Boti ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti.

"Tokeni njiani!"

"Njia ni pana, shemeji! Pinda!"

"Mnataka kufa?"

"Tukitaka tutakwambia!"

Injini ilizidi kunguruma. Mwenzake Kisiki wa kushoto alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyeachia dumu. Boti ilipokuwa karibu kiasi cha kuona misumari ya mbao zake, mwenyekiti alipunguza moto, akatukana, akapinda. Boti zilizokuwa nyuma zikapinda vilevile. Hakuna aliyepiga makofi. Mvuvi mmoja tu alinyanyua mkono kidogo, kama mtu anayejikuna.

Mavuno ya kwanza hayakufika nusu ya walichotarajia, na dhoruba iliwapokonya mistari miwili. Lakini mwani uliobaki ulikuwa mzito, mweusi, unateleza mkononi kama samaki hai. Mnunuzi alishuka garini. Wale wawili walirudi, wakapewa madumu yao bila maneno.

Kamati haijakubali. Juzi ilituma tarishi na barua ya tatu, ikimtaka Kisiki afike ofisini kueleza kwa nini kamba bado zipo. Tarishi alimkuta ufukweni amevaa suruali yake ya mwavuli, miguu tayari imo majini. Alisomewa barua yote, akasikiliza kwa adabu.

"Mwambie shemeji nimeisikia," alisema. "Ana swali, anifuate kazini."

Akajitupa majini, akaanza kupiga mikono kuelekea kilindini.