Onja Wewe Kwanza

Miaka ile ya wakimbizi, watu wa Nyamiaga tulishukiana sote. Malori ya dawa yalipita barabarani kwenda kambini, huku zahanati yetu ikiwa haina kitu. Ikasemwa kwamba dawa zetu zinauzwa huko. Mimi, mhudumu wa afya niliyechaguliwa na mkutano wa kijiji, nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa. Sijawahi kuwa mtu wa kuamini haraka.

Kilichoniuma ni kwamba na mimi nilishukiwa. Mkoba wangu wa dawa ulikuwa na nembo ya shirika la kambini, basi nikibisha hodi watu wanautazama mkoba kabla ya kunitazama usoni.

Msimu wa mvua, mjukuu wa bibi jirani yangu alishikwa na malaria. Nilimpa klorokwini ya maji niliyopimiwa zahanati. Kesho yake nilimkuta bibi amekaa mlangoni, mtoto mapajani, anawaka moto vile vile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo onja wewe kwanza."

Kwetu hilo ni jambo la pombe. Anayekukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huvuta mrija yeye kwanza, uone kwamba hajakutilia sumu. Kuambiwa uonje dawa ni kuitwa mchawi mchana kweupe. Nilikasirika. Nikamimina kijiko kizima, nikameza huku nimemkazia macho.

Hasira ikaniisha hapo hapo. Klorokwini ni chungu. Hata ikitiwa sukari, uchungu hubaki kooni. Ile ilikuwa na utamu wa mbali, kama maji yaliyosuuzia kikombe cha chai. Nikaonja tena. Maji.

"Bibi, mbebe mtoto. Twende hospitali ya kambini."

"Huko wanakotuibia?"

"Twende tukaone. Lakini tunapitia zahanati kwanza, ni njiani."

Zahanati ilikuwa na foleni ya akina mama, kila mmoja na chupa yake tupu ya soda ya kupimiwa dawa. Mganga wa zahanati, ambaye sote tulimwita daktari, alitoka akitabasamu. Nikamnyooshea chupa na kijiko.

"Daktari, onja wewe kwanza."

Akacheka. Akawatazama wale akina mama, hakuna aliyecheka naye.

"Mimi siumwi," akasema.

"Hata mimi siumwi, na nimeonja."

Mikono ikaingia mifukoni mwa koti jeupe. "Nimeshakunywa chai," akasema, akarudi ndani.

Kambini mtoto alichomwa sindano na muuguzi ambaye naye alikuwa mkimbizi. Homa ilishuka kabla hatujaondoka. Nilitafuta kwa macho dawa zetu za wizi katika yale makabati, nisizione, na bado sikuridhika.

Nani aliongeza maji, sijaambiwa mpaka leo. Ila tangu siku ile, hakuna mama aliyepokea chupa pale dirishani bila kumrudishia daktari kijiko kwanza, na daktari akawa anaonja, uso umekunjamana kwa uchungu. Tulifurahi kumwona hivyo.

Bibi naye hakuniachia. Mjukuu alipona, akakua, akaanza shule, na kila nilipompelekea dawa bibi aliniwekea kijiko mbele. Mara ya kwanza nilimuuliza, baada ya yote yale, bado hujaniamini?

"Ungekuwa hukuonja siku ile," akasema, "ningekuwa nimemzika."

Nikaonja.