Fundi wa Studio na Nyatiti ya Kompyuta

Fundi wa studio pale Rangwe anaandika kodi za programu kwa vidole viwili, na kila mstari ukikubali anajipigia makofi, maana nani mwingine atampigia. Anatengeneza nyatiti ya kompyuta, yaani sauti ya kile kinanda cha nyuzi cha Waluo, na kesho prodyuza wa Homa Bay anaitaka. Alirekodi Bonface, mpiga nyatiti, waya moja moja. Ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, ya kugongea mbao ya nyatiti, alimvua, eti ni kelele.

Leo Bonface amesikiza hiyo nyatiti ya kompyuta. "Omera, hii ni gita. Mguu yangu iko wapi?"

"Hiyo naandika tu na kodi," fundi mtaalamu akajibu, bila kumwangalia.

Tangu hapo anarekodi kijiko akigongea meza, akitafuta mlio wa ile pete. Bonface amekaa mlangoni, pete kwenye kidole cha mguu, anangoja kuombwa.