Spika ya Mdogo Wangu Sebuleni kwa Mama

Mdogo wangu aliileta wakati wa Krismasi, ndani ya boksi jeupe alilolishika kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Anaishi Dar es Salaam, ana kazi nzuri, na kila Desemba akipanda mlimani kwa mama lazima aje na kitu cha kutuonyesha jinsi tulivyoachwa nyuma. Safari hii ilikuwa spika ndogo ya mviringo. Unaisemesha, inawasha taa. Unaiuliza saa, inakutajia, wakati saa ya ukutani ipo pale pale juu ya kabati la vyombo. Taa ilipowaka mara ya kwanza nilipiga makofi. Bado najionea aibu.

Siku nzima alikaa kwenye kochi akichezea mipangilio kwenye simu yake, sisi tukimenya ndizi za supu ya mtori. Mama, mwenye miaka themanini, aliitwa kutoka jikoni mara tano aje kusajili sauti.

"Mama, sema kama ninavyosema mimi."

Mama akasema. Spika kimya. Kiswahili haikijui, na Kiingereza alichokuwa akikiiga mama, kilichopitia Kichagga kwanza, haikukitambua.

"Usivute maneno, mama," mdogo wangu akamwambia. Yeye, ambaye neno la kwanza alifundishwa na mama huyo huyo.

Mwishowe akasajili sauti yake mwenyewe. Akachagua sauti ya kike ya Kiingereza imkumbushe mama dawa za presha asubuhi na jioni, akaniwekea na mimi ile programu kwenye simu, "ili usaidie kukiwa na shida," akarudi Dar. Mama akabaki na mwanamke asiyeonekana, anayempa amri kwa lugha asiyoielewa.

"Hata kusalimia hajui," mama aliniambia nilipopanda Jumamosi moja kutoka Njoro, huko chini mjini ninakoishi. Dawa alikuwa akizinywa kama zamani, baada ya chai.

Kumbe kulikuwa na mpangilio mwingine ambao hatukuambiwa. Niliujua mwezi wa pili, jumuiya ilipokuja kusali rozari kwa mama. Tumeinamisha vichwa, tuko tendo la tatu, sauti ya mdogo wangu ikatoka kwenye ile spika juu ya kabati:

"Mama, umekunywa dawa? Na hao wanaopiga kelele ni akina nani?"

Mama mmoja aliangusha rozari yake. Mwingine aliinuka akachungulia dirishani. Mama yangu alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakawa madogo kuliko nilivyowahi kuyaona. Mwanaye alikuwa amejipa ruhusa ya kuingia sebuleni kwake wakati wowote, bila hodi, huku amekaa ofisini. Baadaye aliapa kwamba ilikuwa mara moja tu. Sikumwamini, na simwamini.

Wageni walipoondoka nilifungua ile programu. Nilifuta sauti yake, nikafuta ukumbusho, nikafunga ruhusa ya kuingia kutoka mbali. Kwa ujinga wangu nikaenda hadi kwenye orodha ya lugha, nikashuka nayo mpaka chini, nikitafuta Kiswahili. Hakikuwepo. Nikachomoa waya.

Simu yake iliingia kabla sijafika barabarani.

"Dada, umeharibu mipangilio yangu!"

"Nimeirekebisha."

"Mimi namjali mama."

"Mama ana simu. Mpigie."

"Hapokei haraka."

"Anakatia ng'ombe majani. Subiri."

"Nyinyi huko mnapenda kubaki nyuma," alisema, kisha akakata.

Sasa kila Jumapili ananipigia mimi kuuliza mama anaendeleaje. Ananiuliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Namjibu kwamba namba ya mama anayo, halafu naendelea kupiga pasi.