Nambeba mwanangu mgongoni, mke wangu anaitwa mchawi

Admin, jina langu lisionekane, maana mtaani kwetu wengi wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na moja, ni fundi wa kushona huku Mishomoroni. Cherehani yangu iko mbele ya nyumba tuliyopanga. Mke wangu anafanya kazi kiwandani Changamwe, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Tuna mtoto mmoja wa miezi minane, hapa nitamwita Kadzo.

Likizo ya uzazi ilipokwisha tulimwacha Kadzo kwa jirani. Siku ya nne nikapita kumchungulia, nikamkuta sakafuni, amelowa, sauti imemkauka kwa kulia. Nikamchukua. Tangu siku hiyo nakaa naye mwenyewe. Kuwekwa chini hataki, kwa hivyo namfunga mgongoni kwa leso ya mamake, naendelea kushona. Mlio wa cherehani unamlaza vizuri tu.

Kosa langu ni hilo. Wanaume wa maskani wakaniita Mama Kadzo, nikacheka nao. Wateja wangu wawili wa suruali wakahamia kwa fundi mwingine; mmoja aliniambia haoni vizuri kupimwa kiuno na mwanamume aliyejifunga leso. Hilo pia nikalimeza. Kanisani mzee mmoja akanishika mkono mlangoni. "Mpe mama yake mtoto, ndugu. Unawasumbua watu." Nikamuuliza namsumbua nani, na mtoto mwenyewe amelala.

Lililonishinda ni la mke wangu. Watu walianza kusema kanilisha limbwata. Kina mama anaoimba nao kwaya wakamuuliza, huku wakicheka, dawa ameitoa wapi. Habari zikafika kwa baba yangu huko Kaloleni, akatuita. Mbele ya ndugu zangu wote akamwambia mke wangu, "Mwanangu sikumlea hivi. Sema ulichompa, tukitoe."

Mke wangu akasema, "Baba, sijampa kitu. Anampenda mtoto wake."

Kaka yangu akaguna. "Kwani sisi wetu hatuwapendi?"

Nikasimama, nikachukua leso, nikamfunga Kadzo mgongoni mbele yao, tukaondoka. Nilijiona mwanamume kweli siku hiyo. Lakini tulipofika nyumbani mke wangu akaniambia, "Baba Kadzo, wewe umeonyesha hujali. Na mimi je? Wewe wanakucheka, mimi wananiogopa. Juzi kazini nimemimina chai, mwenzangu akakataa kikombe changu."



Sasa ni wiki ya tatu. Baba hapokei simu zangu. Mke wangu anataka mtoto arudi kwa jirani, la sivyo atampeleka kwa mamake Mariakani, tuwe tunamwona mwisho wa wiki. Nimemwambia nitaingiza cherehani ndani, nishone mlango umefungwa, watu wasituone. Amesema watu wameshaona.

Nimechoka, na nina hasira. Katika wote walionisema, hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto anaendeleaje. Na bado kila jioni mke wangu akirudi naona macho yamemvimba, najua kuna neno jingine kaambiwa kwa ajili yangu.

Nyinyi wenye ndoa, na hasa kina baba, nimshushe mwanangu mgongoni ili mamake apumue? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma.